Bonde Lililoshibishwa

Ukumbi wa huduma kwa wateja wa kampuni ya umeme ulikuwa umefurika. Kila aliyeingia alichukua kikaratasi chenye namba, akatafuta kiti, akakosa, akaegemea ukuta. Sauti ya kike iliyorekodiwa iliita namba kwa upole usiolingana hata kidogo na mwendo wa foleni.

Fundi wa miwani alikuwa miongoni mwa waliobahatika kukaa. Alivaa gauni la rangi ya haradali lenye mifuko mikubwa, na koti lake jeupe la kazini alikuwa amelikunja mapajani. Juu ya koti aliweka simu, na ndani ya simu, kwenye mchezo, alikuwa akitawala bonde.

"Usiuze chuma leo," sauti ikasema juu ya kichwa chake.

Aliinua uso. Kijana mrefu alikuwa amesimama pembeni yake, kizibao cha rangi ya chungwa, buti zenye udongo mwekundu uliokauka, penseli nyuma ya sikio. Alikuwa mpima ardhi, na hakuona haya kusoma simu ya mtu.

"Samahani, tunajuana?"

"Hapana. Ila ukiuza chuma chote kwa mpigo, bei itaporomoka. Gawanya kwa zamu tatu."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Basi sikiliza namba yako, usije ukapitwa."

Mama mmoja wa kiti cha jirani akacheka kwa pua. Fundi akauza chuma chote. Bei ikaporomoka mbele ya macho yao wote wawili.

"Umeona sasa?"

"Nimeona. Nilitaka mbao leo, kaka yangu, sikutaka bei nzuri. Bei nzuri haijengi daraja."

Mpima akalifikiria hilo kwa uzito zaidi kuliko alivyotarajia mwenyewe. Kisha akatoa simu yake mfukoni. Na yeye alikuwa na bonde.

"Tuanze duru mpya," alisema. "Mimi na wewe na wengine wanne. Tuone mjuaji ni nani."

"Jina lako mle ndani?"

"Futi Kamba."

"La kazini hilo. Mimi ni Kiroboto."

"Kwa nini Kiroboto?"

"Utajua ukishaumwa."

Kanuni za mchezo huo hazikuwa ngumu. Wachezaji sita, mabonde sita, na kila mmoja hucheza zamu moja kwa siku, kisha hungoja wenzake; asiyecheza siku hiyo hurukwa. Vitu ni vinne: nafaka, mbao, chuma na chumvi. Aliyeutunga alihakikisha hakuna bonde linalojitosheleza, kwa hiyo asiyetaka vita hana budi kufanya biashara. Njia ya kwanza ni soko. Soko halina hisia: ukiuza bei hushuka, ukinunua hupanda, na mwenye haraka ndiye anayeumia. Njia ya pili ni kubadilishana. Mmoja huonyesha anachotoa na anachotaka, mwenzake hukubali au hukataa. Njia ya tatu ni zawadi, nayo haina hatua hiyo ya pili. Ukiituma leo, kesho imeshafika, mpokeaji apende asipende.

Bonde la Kiroboto lilikuwa na chuma na chumvi. La Futi Kamba lilikuwa na nafaka na misitu. Walianza kwa kubadilishana kama wafanyabiashara wenye heshima zao, kila mmoja akivutia kwake, huku wakipigiana simu kubishana. Punde simu zikawa ndefu kuliko ubishi. Kisha zawadi zikaanza.

"Kiroboto, umeamkaje?"

"Nimeamka tajiri. Nani kanimwagia nafaka?"

"Msamaria mwema."

"Msamaria mwenye jina la kifaa cha kupimia?"

"Si ulisema watu wako wana njaa?"

"Nilisema njaa kidogo. Njaa kidogo ni nidhamu, mpenzi."



"Umeniita nani?"

"Nimesema zamu yako imefika. Cheza."

Shangazi yake fundi, aliyemlea tangu akiwa mdogo, alikuwa ameketi ndani ya karakana, hatua chache kutoka kwenye mashine ya kusagia lenzi, akitenganisha fremu za plastiki na za chuma kwa vidole. Jicho moja lilikuwa na mtoto wa jicho, likisubiri upasuaji. Masikio hayakuwa na tatizo lolote.

"Mchumba gani huyu," aliuliza, "anayeleta mizigo isiyofika jikoni?"

"Si mchumba, shangazi."

"Haya. Mwambie huyo asiye mchumba kwamba kutoa ni moyo, lakini kupokea kunataka nafasi."

Shangazi alilenga kweli bila kujua. Katika mchezo ule ghala likijaa, nafaka inayozidi huliwa. Watu wakishiba huongezeka, na wakishaongezeka hutaka kula vilevile zamu inayofuata. Wasipopata, hususa kazi na migodi husimama. Fundi alilijua hilo. Ni mtu wa vipimo. Aliona watu wake wakizidi kile ambacho mashamba yake yangeweza kulisha. Lakini ni vigumu kumwambia mtu aache kukupa, hasa mtu ambaye sauti yake umeanza kuingoja. Akanyamaza, na bonde likaendelea kunenepa.

Mpima naye alikuwa na lake. Mkuu wake wa kazi alikuwa amempa nafasi ya kuongoza ofisi ya upimaji katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa gari, na jibu lilitakiwa kabla ya mwezi kwisha. Aliitaka kazi. Alimtaka na fundi. Kumuuliza kama angekuja naye kulikuwa jambo la sentensi moja, lakini aliogopa jibu, na anayeogopa jibu hutafuta namna ya kulipata bila kuuliza swali. Alimpigia simu mwanamke mmoja mwenye duka la miwani katika mji ule, akamsifia fundi mpaka mwanamke akakubali kumpokea. Mpima akaona ameshatengeneza kila kitu. Angemwambia akirudi. Kesho yake akaenda porini kupima mipaka, mahali pasipo na mtandao.

Zawadi zikakatika.

Siku ya pili wachimbaji wa Kiroboto waliweka sululu chini. Alikimbilia soko, na kwa kuwa alinunua kwa haraka, bei ya nafaka ikapanda kila alipogusa. Mwenye akiba alikuwa mmoja tu, mchezaji aliyejiita Bwana Kesho, naye alitaka alipwe chuma kwa nafaka yake, chuma chote. Fundi alimpa. Hakuwa na njia nyingine.

Mchana uleule simu iliita.

"Ni fundi wa miwani? Mimi ndiye mwenye duka unalokuja kufanyia kazi."

"Duka lipi, mama?"

"Ah! Huyo mchumba wako hajakuambia? Anasema mnahamia huku mwezi ujao. Unajua kuuza lakini? Maana wa kukata lenzi ninaye. Nataka wa kukaa mbele na kutabasamu."

Fundi alimshukuru, akakata simu, akazima mashine iliyokuwa ikizunguka bila lenzi.

Mpima aliporudi penye mtandao alikuta chuma kile kimeshageuka mikuki. Bwana Kesho alikuwa ndani ya misitu ya Futi Kamba. Akapiga simu bado amesimama kando ya barabara, begi mgongoni.

"Umemuuzia Bwana Kesho chuma?"

"Karibu. Habari za safari?"

"Sina mzaha, Kiroboto. Mimi nakulisha wiki na wiki, nageuka kidogo tu, unampa adui silaha?"

"Unanilisha?"

"Si nafaka zangu zile?"

"Sikiliza. Nimepigiwa simu na mwenye duka la miwani."

Magari mawili yakapita. Mpima akashusha begi chini.

"Nilitaka kukushtukiza," alisema mwishowe.

"Umefaulu."

Simu ikakatwa, na kila mmoja akabaki na tafsiri yake. Mpima aliamini kwamba ule uuzaji ulikuwa kisasi: fundi amejua habari za duka, akamwadhibu. Fundi aliamini kwamba mtu aliyempangia maisha bila kumuuliza na bado akajihesabu kuwa mlishaji hatabadilika. Wote wawili walikosea, lakini kwa kuwa hakuna aliyepiga simu, kosa lilikaa kama ukweli.

Ni mpima aliyechoka kwanza. Jumamosi mchana, huku siku ya mwisho ya kutoa jibu ikiwa ni Jumatatu, alikwenda karakana. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vya ngozi vilivyombana. Fundi alikuwa na koti lake jeupe na miwani ya kujikinga juu ya paji la uso. Maji yalichuruzika kwenye jiwe la kusagia.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Ndiye wewe wa nafaka?"

"Ndiye mimi."

"Kaa. Tahadhari na kiti hicho, mguu mmoja ni wa kuazima."

Alikaa kwa tahadhari. "Nimekuja kuuliza kwa nini ulimuuzia."

Fundi alizima maji na kumweleza bila kupandisha sauti, kama anavyomweleza mteja kwa nini lenzi nene haiingii kwenye fremu nyembamba. Nafaka zilizidi. Watu waliongezeka. Nafaka zikakatika. Watu hawakupungua.

"Ungekataa zile zawadi."

"Kitufe cha kukataa hakipo."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia," alikubali. "Hilo ni kosa langu. Nilipenda zilivyokuwa zinafika."

Mpima aliangalia viatu vyake. Kazi yake ilimfundisha kwamba kipimo cha kwanza kikikosewa, vyote vinavyofuata hukosewa kwa uaminifu mkubwa. Alirudi kwenye cha kwanza.

"Sikukuuliza," alisema. "Nafaka sikukuuliza, duka sikukuuliza. Nakuuliza sasa. Utakuja nami?"

"Siwezi. Shangazi anasubiri upasuaji. Hawezi kubaki peke yake, na hawezi kuhama akiwa hivi. Siwezi kumwacha."

Alilisema haraka, kama jambo lililokwisha kupimwa na kufungwa. Mpima akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi?" shangazi akauliza.

Wakamgeukia. Alikuwa ameweka fremu chini.

"Nani aliniuliza mimi?"

"Shangazi, najua hali yako."

"Unalijua jicho langu. Mimi hujaniuliza. Upasuaji ni wa asubuhi moja, na dada yangu ameshasema atakuja kukaa nami hata mwaka, kachoka na wajukuu wake. Huo upweke utanikuta wapi? Kuhama sihami, hapa ndipo kwangu. Lakini na wewe usikae kwa ajili yangu halafu uniangalie kila siku kama lango lililokufungia njia. Huo mzigo sikuuomba."

Fundi alivua miwani ya kujikinga, akaiweka juu ya mashine. Kwa wiki nzima alikuwa amemlaumu mtu kwa tendo ambalo mwenyewe amelifanya kwa muda mrefu zaidi, chini ya paa moja na aliyemtendea. Na kulikuwa na jambo lingine, baya zaidi: sababu yake ilikuwa imeondolewa mezani, na chini yake palikuwa na swali lake yeye.

"Haya," shangazi alisema kwa sauti ya chini. "Sasa mjibu wewe, si jicho langu."

Maji ya mwisho yalidondoka kwenye trei ya mashine. Mpima alijizuia kusema.

"Naogopa," fundi alisema. "Hapa mteja akiingia ananiita fundi. Kule nitakuwa mke wa mkuu wa upimaji, anayetabasamu mbele ya duka la mtu."

"Na kama si hivyo?"

"Kama si hivyo, nataka kuja." Akavuta pumzi. "Sitaki duka la yule mama. Nataka chumba kidogo chenye maji na dirisha, na mashine hii. Nitakitafuta mwenyewe. Wewe tangulia, mimi nitakuja jicho la shangazi likishapona. Na kabla hujaenda, lete watu wako hapa wanipose kwa shangazi, mbele ya macho yake, hata kama ni moja na nusu."

"Moja na robo," shangazi alirekebisha.

Mpima alisimama, kiti kikalia. "Nakubali. Yote. Nina rafiki ana lori, mashine hii tunaweza—" Mkono ulikuwa umeshafika mfukoni, simu imeshatoka nusu.

Fundi alimtazama tu.

Mpima akaisukuma simu ikarudi ndani, akaketi tena polepole, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti, mahali panapoonekana.

"Mashine hii," aliuliza, "wewe ungependa isafirishwe vipi?"