Mtu wa Chini na Unga wa Kreatini

Lori lilikuwa limeshaanza kuondoka, na Winchi alikuwa analikimbiza huku mdomo umejaa unga. Alitaka kupiga kelele wamsubiri, lakini ulimi ulikuwa umegandana. Akapunga mkono. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu.

Kifaru, mbebaji mwenzake, alimnyooshea mkono, akamvuta juu. "Mbona midomo myeupe, kaka? Umebusu ukuta?"

Winchi alimeza kwa taabu. "Kreatini, ule unga wa misuli. Si wewe uliyeniambia?"

"Nilikuambia unywe na maji!"

"Nikinywa maji nitakojoa wapi?"

Kazi yao ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu. Wenye nyumba waliwaamini kwa vitanda na makabati, lakini choo chao hawakukitoa. Basi wahamishaji walijizoeza: mchana ni kulowesha koo tu, kiu itakatwa jioni nyumbani.

Winchi hakutulia ndani ya lori. Alikaa, akasimama, akakaa tena. Msimamizi alikuwa ametangaza kwamba mwisho wa mwezi atachagua upya wabebaji wa vitu vizito. Watakaoachwa wataenda stoo, kufunga sahani kwa magazeti. Winchi miaka yote alikuwa mtu wa chini. Kwenye ngazi, kabati hubebwa na wawili, mmoja juu na mmoja chini, na uzito wote humwelemea wa chini. Hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake. Lakini siku hizi magoti yalikuwa yanamsaliti.

Ndiyo maana alinunua kopo la kreatini. Alipolifungua hakuona kijiko cha kupimia. Akachukua kijiko kikubwa cha kupakulia mboga. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, na kingine kila aliposikia unyonge.

Siku hiyo walishusha kabati kutoka ghorofa ya tatu. Jua lilikuwa kali na ngazi zilikuwa nyembamba. Tumbo la Winchi lilikuwa limemwendesha tangu jana yake.

"Umeshika?" Kifaru aliuliza kutoka juu.

"Nimeshika."

"Mbona linakuja?"

"Nimeshika, nimeshasema!"

Hakuwa ameshika. Macho yaliingia giza, magoti yakakunjika. Kabati likateleza, likambana ukutani. Kifaru alivuta mkanda wa kubebea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Msimamizi alipanda mbio, akaweka bega, wakamtoa Winchi mzima, ameloa jasho.

"Mtu wa chini akianguka, tunazika," Msimamizi alisema. Hakupaza sauti. "Nenda nyumbani. Usirudi mpaka mtu wa afya aseme uko sawa."

Nyumbani Winchi alizunguka chumba kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mkewe alikuwa kwenye cherehani yake.

"Kaa basi, baba watoto! Unanipindisha mshono."

"Nikae vipi? Wataniweka stoo!"

"Heri stoo kuliko kaburini."

Mkewe aliweka nguo chini, akaenda kumwita rafiki yake wa nyumba ya pili, mfamasia wa duka la dawa. Mfamasia alikuja na kandambili miguuni.

"Shemeji, nasikia kabati limetaka kukulalia. Hebu nione hilo kopo."

Alisoma maandishi ya ubavuni polepole, neno kwa neno. Kisha akachukua kijiko safi, akachimba ndani ya unga. Akatoa kijiko kidogo cha plastiki.

"Na hiki?"

"Kumbe kilikuwa kimezama!" mke alisema, akaangua kicheko.

"Kopo hili limeandikwa kwamba kijiko hiki ni gramu tano. Mtu mzima mwenye afya njema hutosheka na gramu tatu hadi tano kwa siku. Kwa siku, shemeji, si kwa kila mfadhaiko."

"Si nyingi ndiyo nguvu nyingi?"

"Msuli ni kama debe. Likijaa limejaa. Kinachozidi kinatafuta mlango, nawe unakikimbiza chooni."

"Kwani ni sumu?" mke aliuliza.

"Hapana. Mwili wenyewe huitengeneza, na imo pia kwenye nyama na samaki. Inausaidia msuli kupata nguvu ya haraka, ya kunyanyua kitu kizito. Lakini haileti nguvu leo kwa leo. Bila mazoezi, chakula na usingizi, ni unga tu. Uzito nao unaweza kupanda kidogo, kwa sababu misuli hushika maji."

"Sasa nini kimeniangusha?" Winchi aliuliza. Alikuwa amesimama tena.

"Ulikula nyingi mno, tumbo likaharibika, ukapoteza maji. Halafu hunywi. Halafu jua na kabati." Macho yake yalitua dirishani. "Na vidonge vile?"

"Vya mgongo. Nameza kila siku kabla ya kazi."

"Nani alikuandikia?"

"Mgongo wenyewe."

Mfamasia hakucheka. "Hivi vya maumivu, ukivimeza kila siku na mwili umekauka, vinaweza kuumiza figo. Simamisha vyote viwili, unga na vidonge. Kesho nenda kituo cha afya wapime presha na figo. Na umwambie daktari kwamba unatumia kreatini. Yenyewe inaweza kupandisha kipimo cha damu cha figo hata kama ni nzima."

"Mimi naweza kuionja?" mke aliuliza. "Nami nishone usiku kucha."

"Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto, mwenye ugonjwa wa figo au anayetumia dawa, amwulize kwanza mtu wa afya. Wewe njoo dukani tuzungumze."

Kituoni, kipimo cha kwanza cha figo kilikuwa juu kidogo. Daktari alimwambia anywe maji, akae bila unga, kisha arudi. Wakati akisubiri, Msimamizi alimweka Winchi stoo kufunga sahani. Alivunja mbili kwa kukosa utulivu. Kila saa alitoka nje kuangalia lori kama limerudi.

Kipimo cha pili kilikuwa safi. Presha nayo ilikuwa sawa. Daktari alimruhusu aanze kwa kipimo kidogo. Sasa alikoroga kijiko kidogo kwenye glasi ya maji, mara moja kwa siku, baada ya kula. Jioni Kifaru alimfundisha kuchuchumaa na kuinuka na mfuko wa mchanga, akianza na mwepesi. Siku nyingine walipumzika.

Kisha Winchi alimwendea Msimamizi. "Bosi, mkataba useme mapema: mwenye nyumba atuonyeshe choo. La sivyo hatunywi, na tusipokunywa tutaanguka."

Msimamizi alikuna kichwa, akakubali. Kila mtu akaja na chupa yake.

Mwisho wa mwezi Winchi alibeba friji ngazi nzima bila kutetereka, akabaki mtu wa chini. Msimamizi aliamuru watu wa chini wabadilishane kwenye kila ghorofa. Kifaru alihamia kampuni nyingine. Mfamasia alifungua duka lake mwenyewe mtaa wa pili. Mke wa Winchi hakuhitaji unga, akaendelea kushona. Mgongo wa Winchi bado humuuma siku za baridi, naye huenda kituo cha afya kupimwa.