Kiti Kilichosogezwa Mbele

Siku yenyewe ilianza kama siku nyingine zote. Ilikuwa Jumanne, pale Uyole, mwezi wa tisa, na sisi madereva tulikuwa tumekaa kibandani kwa Apolonia tunakunywa chai ya maziwa na chapati, tukisubiri zamu ya kupakia saruji. Meneja akaja na kikaratasi chake. Akasema mwisho wa mwaka kampuni inaleta lori jipya, na lori hilo atapewa dereva atakayeweza kugeuza: unatoka Mbeya usiku wa manane, unashusha Iringa, unarudi Mbeya siku ile ile. Wanaotaka kulala njiani waendelee kulala, na wabaki na mikweche yao.

Mimi nikasema nalala. Sioni aibu kusema. Miaka kumi na minane nashusha mzigo, napaki Ipogolo, nakula ugali wangu, nalala kabini, asubuhi naamka na akili timamu. Kugeuza ni zaidi ya kilomita mia sita kwa siku, na katikati kuna mabasi, kuna ng'ombe, kuna ukungu wa Nyololo unaomeza barabara saa tatu asubuhi. Mtu anayefanya hivyo kila siku halafu anajiita mwanaume, mimi namwita mpumbavu ambaye siku yake haijafika.

Mpumbavu wetu aliitwa Isakwisa. Mkosi wangu ni kwamba mpumbavu huyo alikuwa amemuoa dada yangu, Devota.

Alikuwa mrefu, miguu kama ngazi. Kiti cha dereva alikisukuma nyuma mpaka kikagota kwenye kitanda cha kabini, na ukiazima lori lake unarudi na mgongo unauma. Mdomo wake nao ulikuwa mrefu. Siku ile ile ya tangazo alimlipa fundi rangi amwandikie kwenye vipira vya kuzuia matope nyuma ya magurudumu: LALENI NYIE. Sasa wewe uko nyuma yake kuanzia Chimala mpaka Mafinga, unasoma matusi hayo njia nzima. Nilimdharau. Sitasema uongo kwa sababu amekufa.

Devota alikuwa kinyume chake. Mfupi, akipanda kabini miguu inaning'inia. Alikuwa fundi cherehani, na foronya zake za kutarizi zilikuwa kwenye kabini za nusu ya madereva wa Uyole, zimeandikwa Safari Njema kwa uzi mwekundu. Kwake huingii na viatu. Ukivivua ukavitupa tu, atainuka kimyakimya avipange, kimoja kando ya kingine, vidole vikiangalia ukutani. Hata wageni walishazoea.

Basi Isakwisa akageuza. Wiki ya kwanza tukasema ataanguka. Ya pili tukasema anakunywa vidonge. Ikafika ya sita, bwana yule anatoka na kurudi, anatoka na kurudi, hata miayo hapigi. Nilikutana naye kwenye mizani ya Makambako jua likiwa kali, tukasimama tunaongea habari za matairi. Nikamtazama usoni. Nikaanza kuhesabu moyoni. Nilipofika mia mbili nikaacha, kwa sababu alikuwa hajapepesa jicho hata mara moja, na mboni zake zilikuwa kavu kama za dagaa. Nikamwambia shemeji, lala. Akacheka. Akasema nina wivu.

Wakati huo huo Devota alikuwa ameanza kusinzia.

Mwanzoni wanawake wa mtaani walicheka wakisema ana ujauzito. Akasinzia kwenye cherehani, sindano ikamchoma kidole. Akasinzia kanisani amesimama, wenzake wanaimba. Halafu akawa haamki mpaka atingishwe, halafu hata akitingishwa haamki. Isipokuwa Jumapili. Jumapili, lori la mumewe linapokuwa gereji, alifumbua macho, akanywa uji, akauliza ni siku gani. Hospitali walipima kila kitu wakasema mwili hauna ugonjwa. Watu wenye shahada zao, na jibu ndilo hilo.

Nilienda kumwona Alhamisi moja mchana. Jirani yake Yudith ndiye aliyekuwa akimkalia. Devota alikuwa amelala chali, amekonda mpaka mifupa ya mabega inahesabika. Nikakaa. Yudith akanisogelea sikioni.

"Kaka Gerson," alinong'ona, "angalia mguu."

Nikaangalia. Mguu wa kulia ulikuwa unakanyaga chini ya blanketi. Unakanyaga, unaachia. Wa kushoto ukanyooka, ukatafuta kitu, ukakipata. Mimi ni dereva. Ile ilikuwa klachi.

Midomo yake ikatikisika. "Chimala," alisema.

Nikatoa simu nikampigia Isakwisa. Nikamuuliza yuko wapi. Akajibu kwa sauti yake ile ya majigambo kwamba anaingia Chimala, kuna nini. Kabla sijamjibu, Devota akasema, "Tuta." Na kwenye simu nikasikia lori zima likipanda tuta na kushuka.

Nilikata simu. Yudith alikuwa analia.

Wiki ile ile, Ipogolo, dereva mwenzangu Clement aliniambia kilichobaki. Alikuwa anakwepa macho yangu. Kumbe mara ya mwisho Isakwisa alipolala Iringa, hakulala. Clement alimsindikiza kwa bodaboda mpaka njia ya Idodi, kwa mzee mmoja mganga. Isakwisa akaomba dawa ya kuua usingizi. Mzee akamjibu usingizi hauuawi, unabebeshwa mtu. Akamwambia alete kitu kilichoshonwa na mkono wa anayempenda. Basi akatoa foronya ya kabini kwake. Mzee akaitia kitu ndani, akaishona mdomo kwa uzi mweusi, akamwambia asiilalie tena. Aikalie. Siku itakapoondolewa kwenye kiti chake cha dereva, kila mmoja atarudishiwa usingizi wake, wote kwa mkupuo.

Clement alisema alidhani ni utani wa wazee. Nikamwambia yeye ni mjinga. Kisha nikamuuliza kama Isakwisa alijua nani atabeba. Akainamisha kichwa.

"Aliulizwa jina," alisema. "Akalitaja mwenyewe."

Nataka mnielewe hapo. Mtu alitaja jina la mkewe ili apewe lori.

Nilimpigia Isakwisa nikamtukana, nikambembeleza, nikamtukana tena. Hakukana. Alisema wiki mbili tu, shemeji, lori likishafika bandarini mimi namwamsha mke wangu. Aliongea kama anazungumzia kubadilisha oili. Na Jumapili iliyofuata Devota hakuamka, kwa sababu meneja alimpa Isakwisa mzigo hata Jumapili. Uji ukawa unatoka pembeni ya mdomo. Jumatatu daktari alikuja nyumbani kumwona, akamwita Yudith pembeni akamwambia atuite ndugu, hatamaliza wiki.

Jumanne nilitoka Ipogolo mapema, nikafika Igawa saa sita mchana, nikapaki nyuma ya vibanda vya mchele. Uyole mvua zilikuwa zimekolea, lakini huku chini tambarare ilikuwa bado kavu, vumbi jeupe linapeperuka barabarani. Nikasubiri. Saa kumi na moja kasoro akafika, anarudi Mbeya tupu. Akashuka kununua maji, lori linaunguruma, mlango wazi. Hakuwahi kufunga mlango. Nani atamuibia yeye?

Nikapanda. Foronya ilikuwa kwenye kiti, imekuwa nyeusi kwa kukaliwa, neno Safari limefutika. Ilikuwa ya moto. Ndani yake kitu kilikuwa kinapanda na kushuka, polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Niliichukua. Nikaiingiza kwenye shati. Nikashuka upande wa pili.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa watu wengi hunihurumia na mimi sitaki. Nilijua atasinzia. Nilijua kabisa. Nilijiambia ataona kichwa kizito, atapaki, atalala, hata mwezi mzima alale, shauri yake. Lakini ningeweza kuzima lori lake nikatupa ufunguo mtaroni. Sikufanya. Nilimwacha akapanda, akaondoka, nikasoma LALENI NYIE likiishia kwenye vumbi.

Hapo ndipo nikampigia.

"Isakwisa, paki ulale. Sasa hivi."

Nikasikia miayo. Mirefu. Ya kwanza kwa miezi miwili.

"Wa kulala ni nyie," alisema. Sauti ilikuwa inaburuta. Simu ikakatika.

Nikawasha langu nikamfuata. Dakika kumi. Kumi na tano. Barabara ilikuwa imenyooka, jua liko usoni. Kila dakika nilitegemea kuona moshi.

Sikuona moshi. Niliona matawi.

Dereva yeyote anajua matawi. Lori likiharibika unakata matawi mabichi, unayatandaza nyuma, hatua kwa hatua, ili anayekuja apunguze mwendo. Sisi tunayatupa ovyo. Haya yalikuwa yamepangwa. Tawi moja, nafasi, tawi moja, nafasi, yote yakielekea upande mmoja, nadhifu kama vitu vya ndani. Na lori lilikuwa mbele yake, limeegeshwa pembeni kabisa, limezimwa, limewekewa hata jiwe kwenye tairi.

Nikashukuru Mungu kwa sauti. Nikasema kumbe mpumbavu ana akili. Nikafungua mlango wa kabini.

Kitini hapakuwa na mtu.

Isakwisa alikuwa kwenye kitanda cha nyuma, chali, amefunikwa blanketi mpaka kidevuni. Macho yamefungwa. Nikamshika shavu. Alikuwa wa baridi, amekauka, kama mtu aliyefia hapo tangu jana. Nilikuwa nimeongea naye robo saa tu iliyopita.

Viatu vyake vilikuwa sakafuni. Kimoja kando ya kingine. Vidole vikiangalia ukuta wa kabini.

Halafu nikataka kukaa kwenye kiti cha dereva. Nikashindwa kuingia. Magoti yalikuwa yanagonga usukani. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele, mbele kabisa, mpaka tundu la mwisho.

Askari walikuja, wakauliza nani aliendesha. Nikasema sijui. Wakaandika moyo umesimama.

Foronya nilikuwa nimeshaichoma kabla hawajafika, pale pale kando ya barabara, nyuma ya tairi. Ilipoanza kuwaka simu yangu ililia. Alikuwa Yudith. Alikuwa anaongea kwa pumzi fupi. Alisema alitoka nje kuepua sufuria ya uji, akarudi, kitanda kitupu. Mlango wa nyuma umefungwa kwa ndani. Akatafuta chumba kwa chumba, akapiga kelele, majirani wakaja. Wakaingia tena chumbani wakamkuta Devota amekaa kitandani, macho wazi, anaomba maji. Yudith alikuwa anamshukuru Yesu. Kisha akashusha sauti.

"Kaka, huku mvua inanyesha tangu asubuhi," alisema. "Miguu yake ina vumbi jeupe. Na viganja vinanuka majani mabichi."

Tulizika Ijumaa. Devota alisimama kaburini kwa miguu yake mwenyewe, na watu wakasema ni muujiza. Mimi nilisubiri anishukuru. Ndiyo, nilitegemea shukrani, mimi na upumbavu wangu. Watu walipotawanyika alinishika mkono. Alikuwa anajua kila kitu. Alijua hata jina lake lilitajwa.

"Ungeniachia nimfikishe nyumbani, kaka," alisema. "Zilikuwa zimebaki kona chache."

Nilimdharau mume wake kwa kumtumia bila kumuuliza. Na mimi nilimuuliza lini?

Lori jipya lilifika, akapewa Clement, mtu asiyeweza hata kurudi kinyumenyume. Mimi nikapewa lile la Isakwisa, nikakubali, kwa sababu kukataa ni kueleza. Nimefuta yale maandishi kwa petroli. Naendelea kulala Ipogolo kama zamani.

Kila jioni nakisukuma kiti nyuma. Kila asubuhi nakikuta mbele, tundu la mwisho. Nilikifunga kwa waya, waya nikaukuta umekunjwa vizuri, umewekwa juu ya dashibodi.

Juzi nililala na viatu makusudi. Niliamka alfajiri sina viatu. Sikuvitafuta, nilijua vilipo na vinaangalia wapi. Nikampigia dada yangu kumjulia hali.

"Umelala salama, kaka?" aliuliza.

Nikasema nimelala.

"Afadhali wewe," alisema. "Mimi nimechoka. Ukungu wa Nyololo siku hizi umezidi."

Nikashuka. Baridi ya Iringa ilikuwa inauma, malori yote uwanjani yamelowa umande, vioo vimefunikwa. Langu lilikuwa kavu. Nikaweka kiganja mbele, kwenye rejeta.

Ilikuwa ya moto.