Siri ya Lebo za Shangazi

"Dada, mzigo wako ni bubu."

Mshonaji aligeuka. Geti la kupokelea bidhaa la duka kubwa lilijaa makelele ya malori na wapakuzi. Aliyesema alivaa shati la buluu lililonyooka kwa pasi. Kazi yake ilikuwa kuwasaidia wanaoliletea duka bidhaa waweke lebo za chipu, zinazosomwa kwa mawimbi hata boksi likifungwa.

"Bubu? Labda mashine yako ndiyo kiziwi!"

Fundi wa lebo alicheka, na mshonaji akashindwa kununa.

Kesho yake fundi alifika kiwandani kwa mshonaji. Kumbe lebo zilikaa juu ya zipu za chuma, na chuma huvuruga mawimbi. Wakazihamishia kwenye pindo. Baada ya hapo simu za kazi zikageuka simu za mapenzi.

"Umekula, mpenzi?"

"Nikila peke yangu hakishuki."

"Muongo wewe!"

Mapenzi yakanoga, hadi shehena ya sare iliporudishwa.

"Ni wewe uliyeukataa mzigo wangu?" mshonaji aliuliza kwenye simu.

"Ni mimi. Lebo zinasema sketi, ndani mna mashati."

"Nani kazichanganya?"

"Siwezi kusema."

"Basi usinipigie tena!"

Akashona siku nzima kwa hasira, simu ikilia bila kupokewa. Shangazi yake, aliyemlea na kumfundisha cherehani, na ambaye sasa alimsaidia kubandika lebo, alivumilia mpaka akashindwa.

"Mwanangu, ni mimi niliyezichanganya lebo. Macho yangu yameisha, niliona haya kukwambia. Mzigo uliporudi, kijana wako alikuja ukiwa sokoni, akagundua. Nikamsihi asiseme. Tukazibandua na kuzibandika upya pamoja mpaka vidole vikauma."

Mshonaji alimkumbatia shangazi, wakalia wote wawili. Kisha akavaa gauni lake la njano akaenda getini, mchana kweupe, mbele ya wapakuzi.

"Ukakubali nikuchukie?"

"Ningemwaibisha mama mkwe?"

"Mama mkwe! Nani kakuoza?"

"Bado," fundi alisema, jasho likimtoka. "Nakuomba unioe... yaani, nikuoe!"

Wapakuzi waliangua kicheko. Mshonaji akamshika mkono.

"Leo nampeleka shangazi kwa daktari wa macho. Twende wote. Akishaona vizuri, mwombe mwenyewe. Anataka kukutazama usoni akikujibu ndiyo."