Mechi ya Tatu

Padi ya pili ya gemu ilikuwa na joto. Fundi aliishika ili aisogeze apate pa kuweka sahani yake, akaiachia upesi, kisha akaishika tena kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Haikuwa imeguswa tangu mkewe azikwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiacha pale kwenye kochi, upande wa marehemu, na hakuwa na moyo wa kuiondoa. Alijiambia ni jua la dirishani, lakini pazia lilikuwa limefungwa.

Watu walimwita Fundi Makochi, maana ndiyo kazi iliyomlisha: kuvua makochi ya watu nguo kuukuu na kuyavalisha mpya. Karakana ilikuwa chumba cha mbele, nyumba ikaanzia nyuma ya pazia. Yeye aligonga misumari, mkewe akashona, na saa saba mchana, jua likiwa la utosi na wateja wamekimbilia vivulini, walifunga mlango, wakala, kisha wakacheza gemu la mpira kwenye TV. Mechi mbili, hazizidi. Mke ndiye aliyetunga sheria hiyo, na mke huyo huyo ndiye aliyemfunga mumewe magoli mpaka mume akadai padi yake ni mbovu.

"Padi nzima. Mbovu ni vidole," mke alimjibu, akicheka kile kicheko chake kilichoanzia puani.

Ikiisha ya pili, hata kama amefungwa yeye, hata kama mume amepiga magoti kuomba ya kulipiza kisasi, mke alizima mashine na kuivalisha mfuko wa kijani alioushona kwa mabaki ya kitambaa cha mteja, wenye kifungo kimoja kikubwa. "Mbili zinatosha," alikuwa akisema. "Na yenyewe ipumzike. Mtoto anatoka shule saa tisa, na kochi la watu hatujaligusa."

Homa ilimchukua kwa muda mfupi mno. Fundi alibaki na binti wa miaka minane, cherehani iliyonyamaza, na zile saa za mchana ambazo hakujua azipeleke wapi. Akawa anawasha gemu peke yake. Kwa mazoea tu alichagua kucheza wawili, akapiga magoli kwenye timu iliyosimama kama nguzo za umeme, na mfuko wa kijani akautupa nyuma ya TV.

Kesho yake baada ya padi kukutwa na joto, timu ya pili ilikimbia.

Alipigwa na butwaa. Padi ilikuwa kochini, haina mkono ulioishika, na vitufe vyake vilizama na kuinuka, tik, tik, tik, vyepesi, kwa ule mtindo wa mkewe wa kupiga pasi fupi fupi mpaka umchoshe mtu. Chumba kilijaa harufu ya mafuta ya cherehani, harufu ya vidole vyake. Chini ya harufu hiyo palikuwa na nyingine, kama nywele zilizounguzwa, lakini Fundi hakutaka kuisikia. Alifungwa matatu kwa moja. Alicheka huku machozi yanamtiririka mpaka shingoni, akacheza ya pili, akafungwa tena, na alipoiweka padi yake chini alisikia sauti sikioni, taratibu, ya mtu anayejua atakubaliwa.

"Moja tu, mume wangu."

Mkewe hakuwahi kusema maneno hayo maishani mwake. Fundi alilijua hilo palepale, tangu siku ile ya kwanza. Alijua, akaokota padi.

Basi ikawa ndiyo desturi. Saba ikawa nane, nane ikawa jioni. Makochi ya wateja yalikaa uchi karakanani, mbao na springi nje, na wenyewe wakija waliambiwa kesho. Mtoto alianza kurudi kutoka shule na jirani, akakuta baba yake ametumbulia macho skrini, chakula cha mchana kimeota ngozi juu.

"Baba, hujala?"

"Nakula sasa hivi, mama. Namaliza hii."

Alimwita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao. Kwa hiyo hakuna aliyegundua mapema.

Mtoto ndiye aliyeanza kuona. Jioni moja alimuuliza mama alikuwa akiimba wimbo gani akifua, na baba akasema atamwambia kesho. Siku nyingine alimuuliza kishimo cha shavuni cha mama kilikuwa kushoto au kulia. "Kulia," Fundi alisema. "Hakikuwa kulia, baba," mtoto alimjibu kwa unyonge, akaenda kulala. Fundi aliitazama picha ya mkewe ukutani. Aliona mwanamke amevaa gauni zuri.

Lakini mchana uliofuata kicheko kilikuwepo, kutoka puani kabisa, na kishimo alikihisi kipo hapo pembeni yake, na akaona afadhali hivyo.

Kilichomtisha kwanza ni kochi. Alilitengeneza yeye, na sponji aliijua kuliko alivyojua viganja vyake. Mtu akikaa, sponji huzama katikati, pana, na akiinuka hurudi polepole. Alipogeuka siku hiyo kutazama upande wa mkewe, sponji haikuwa imezama katikati. Ilizama mahali pawili, padogo, chini sana, kama imekanyagwa na kitu kilichochuchumaa juu yake kwa kwato. Akageuza uso kwenye TV, akajitia hamnazo.

Kisha jirani akaugua, na Fundi ikambidi aende mwenyewe kumchukua mtoto. Alifika amechelewa. Mlinzi wa shule alikuwa mgeni, amesimama mbele ya lango na watoto wachache waliobaki wamekaa nyuma yake.

"Unamchukua nani, mzee?"

"Binti yangu."

"Jina lake?"

Jina halikuja. Alilitafuta pale ambapo lilikaa siku zote, akakuta patupu na pamefagiwa, akatafuta jina la siku aliyozaliwa, jina ambalo yeye na mkewe waligombania wiki nzima na mke akashinda, jina alilolipigia kelele uani kila machweo, na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyosikia, humo humo kichwani mwake mchana kweupe, tik, tik, tik, vitufe vikizama na kuinuka. Mlinzi alimtazama kwa shaka. Mtoto akainuka nyuma ya lango, akajitaja mwenyewe kwa sauti ndogo, akamshika baba yake mkono.

Shangazi yake Fundi, dada wa baba yake, alikuwa mganga wa watu waliosumbuliwa na majini. Aliitwa usiku huo, akaja asubuhi yake. Fundi alimwamkia, yeye akaitikia, akavuta hewa puani, na kochi hakulikalia. Alichukua kigoda.

"Kimekuomba nini, mwanangu?"

"Moja tu. Kila mara ni moja tu." Alinong'ona kama kuna mgonjwa chumba cha pili. "Kinacheka kama yeye, Shangazi. Kinacheza kama yeye."

"Kitacheza kama nani, na kimekula kwako? Kile hakina kicheko chake. Kimechota kicheko ulichokuwa nacho wewe kumbukumbuni, na kikishakitumia hukioni tena. Vya mkeo kinakaribia kuvimaliza. Sasa kimeanza vya mtoto."

"Vitarudi?"

Shangazi alimtazama kwa huruma. "Vilivyoliwa vimeliwa. Tutaokoa vilivyobaki."

Fundi alitaka kuibeba mashine akaiponde kwa nyundo. Shangazi akamzuia.

"Mashine ina kosa gani? Mkeo amecheza miaka, na hakuna kilichokuja. Alikuwa mtu wa kuinuka. Hiki kimekuta asiyeinuka. Mimi nitasoma dua, lakini kuinuka utainuka wewe."

Saa saba mchana Fundi alikaa mahali pake. Shangazi alisimama mlangoni akisoma chini chini, macho amefumba. Mechi ya kwanza ilichezwa, na ya pili. Kipenga cha mwisho kilipolia, Fundi aliweka padi chini.

"Moja tu, mume wangu."

Sponji kando ya Fundi ilizama zaidi, harufu ya nywele zilizounguzwa ikamkaba koo, na ile sauti aliyoipenda kuliko sauti zote duniani ikaanza kumbembeleza, ikamwambia kuna baridi huko iliko, ikamuuliza amechoka naye lini, ikamwita kwa jina la utani ambalo hakuna mwingine aliyelijua na ambalo yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kulisahau, ikacheka, ikalia, ikasema akiinuka sasa hataisikia tena mpaka siku ya kufa kwake, na Fundi alijua kwamba katika yote iliyosema, hilo peke yake lilikuwa kweli.

"Mbili zinatosha," alisema. "Mtoto anatoka shule saa tisa."

Akainuka, akazima. Skrini ikawa nyeusi, na ndani ya weusi ule akajiona amesimama, na nyuma yake, juu ya kochi, kichwa cha mwanamke kilichofungwa kilemba namna mkewe alivyofunga. Kikamgeukia. Hakikuwa na uso. Fundi hakuwa na uso wa kukipa tena.

Alitoa mfuko wa kijani nyuma ya TV, akaivalisha mashine, vidole vikihangaika mpaka kifungo kikaingia. Sauti ilikatika katikati ya neno. Harufu zote mbili ziliondoka pamoja. Kwenye sponji yalibaki matundu mawili yaliyoungua kingo.

Kazi ilirudi polepole. Jina la mtoto alilifundishwa upya na mtoto mwenyewe, na hajalisahau tena. Likizo ilipofika, walianza kucheza wote wawili mchana, baba na binti, kwenye kochi lenye sponji mpya. Mtoto alipiga pasi fupi fupi, akamfunga baba yake mawili.

"Mama," Fundi alimwambia, mechi ya pili ilipoisha, "mama yako alikuwa anacheka vipi?"

Mtoto alimtazama kuona kama ni utani. Alipoona si utani, akacheka. Kicheko kilianzia puani, kikashuka kifuani, kikamtingisha mabega. Fundi alikisikiliza mpaka mwisho. Kilikuwa kicheko kizuri cha mtu asiyemjua.

"Ndivyo hivyo?"

"Ndivyo hivyo, baba."

Maneno yakamfika ulimini: tena, moja tu. Akayameza, akainuka kwenda kufunga kifungo.