Aliyeomba Radhi Jukwaani

Kwanza ilikuwa harufu ya spika iliyoungua, na spika zote za ukumbini zilikuwa zimezimwa. Mshonaji aliisikia akiwa nyuma ya pazia, pini mdomoni, akaijua papo hapo. Ndivyo alivyokuwa akinuka mumewe kila alipotoka kupiga gitaa, na mumewe alikuwa kaburini.

Shemeji yake, mwongozaji wa kikundi, ndiye aliyetaka albamu ya roki ya marehemu igeuzwe michezo mifupi ya jukwaani, kila wimbo na mchezo wake. Wazo zuri, hatukatai. Lakini ule wimbo wa tano! Humo marehemu alimwita mkewe nyoka wa ndani, na mji mzima ukauimba. Kwamba alimvunja mkewe huyo mkono, hilo hakuliimba.

"Ni sanaa tu, shemeji," mwongozaji alisema. "Usiyaweke moyoni."

Na wa kumwigiza marehemu akawa nani? Kitindamimba wa kwao mshonaji, aliyemlea kwa mikono yake tangu mama yao afariki.

Katika mazoezi ya mchana ule, kijana alipofika pale pa kumtukana mke, alinyamaza. Taa zikafifia. Akampita mwigizaji mwenzake kana kwamba hayupo, akanyanyua pazia, akapiga magoti mbele ya dada yake, na kwa ile sauti ya mikwaruzo ambayo mshonaji alilala nayo kitanda kimoja miaka na miaka akiiogopa, akasema, "Mke wangu, nisamehe. Mkono ule niliuvunja mimi."

Mshonaji, Mungu amsamehe, alifurahi.

Sauti ikawa inarudi kila mazoezi, ikilia, ikibembeleza, na kila ikiondoka ilimwacha kijana mashavu yamebonyea na fizi zinavuja damu, hata shati alilomshonea dada yake likawa linampwaya, naye akalipunguza, likapwaya tena, akalipunguza tena, kimya, kwa sababu alitaka kuisikia mara moja nyingine tu.

Mwishowe shemeji akamleta mganga, mama mfupi asiyependa maneno mengi. Alimshika kijana utosini.

"Huyu si marehemu," alimnong'oneza mshonaji. "Ni jini. Anakaa kwa sababu unamtaka. Mfukuze mwenyewe."

"Nikitoka," jini alisema kwa sauti ya mume, damu ikimchuruzika kijana kidevuni, "nani mwingine atakuomba radhi? Shemeji yako huyu?"

Mshonaji akamgeukia shemeji. Shemeji akatazama viatu vyake.

Na kweli mshonaji alijua tangu siku ya kwanza kwamba huyu si mumewe. Mumewe hakuwahi kuomba radhi, hata ya kuvunja kikombe.

"Toka," alisema, machozi yakimtiririka. "Niachie mdogo wangu."

Kijana akaanguka chini puu. Harufu ikakatika.

Siku ya onyesho ukumbi ulifurika. Kijana, afya imemrudia na hakumbuki lolote, alitamka tusi la nyoka vilevile kama lilivyoandikwa. Watu wakasimama, wakaimba naye, wakicheka. Nyuma ya pazia mshonaji alivuta hewa puani, akatulia, akavuta tena. Palinuka jasho na vumbi tu.

Kijana akaja mbio, uso unang'aa. "Dada! Nimefanya vizuri?"

"Vizuri sana," alisema, akaanza kufumua mishono ya lile shati, maana sasa lilikuwa linambana.