Vijiti vya Mkomamanga wa Nekruz

Maneno yalianzia kwa jirani, mikate ikiwa bado imebandikwa ndani ya tanuri. Zaynura ndiye aliyeyasema, huku akipangusa unga mikononi.

"Mnamkumbuka yule kijana wa kijiji cha juu, aliyekwenda Urusi? Mti wake wa kuzaliwa ulikauka. Haukupita muda, akarudishwa ndani ya sanduku."

Wanawake wakashika vinywa. Savrigul akashika kifua.

Kijijini kwao, mtoto wa kiume akizaliwa, baba yake humpandia mti. Mwanawe Savrigul, Nekruz, alipandiwa mkomamanga kando ya mfereji, nyuma ya nyumba. Sasa Nekruz alikuwa Urusi akijenga maghorofa. Na mkomamanga wake haungedumu tena. Kijiji kilikuwa kinapanua mfereji. Miti yote ya ukingoni ingeng'olewa baada ya Navruz, sikukuu ya mwaka mpya baridi inapoisha.

Jioni alimweleza mumewe, Mirzo, wakinywa chai.

"Uvumi tu," Mirzo alisema. "Zaynura akiishiwa unga, hukanda maneno."

"Na mti je? Tuuhamishe."

"Tuuhamishe vipi, Mama Nekruz? Mizizi imeshikana na mawe ya mfereji. Tutapanda mwingine."

"Mwingine si wake."

Mirzo akakuna kichwa. "Basi kata matawi uyapande. Mkomamanga huota kwa kijiti. Marehemu baba ndivyo alivyofanya."

"Alifanyaje?"

"Alikata, akachomeka. Mimi nilikuwa mtoto. Kazi yangu ilikuwa kula komamanga."

Asubuhi Savrigul akakata. Alikata manene na membamba, kwa kisu butu cha jikoni, ncha zikapondeka. Akaviacha vijiti juani mpaka alipomaliza kukamua ng'ombe. Kisha akavichomeka kwenye ndoo iliyojaa samadi mbichi, ili vishibe. Ndoo akaiegemeza kwenye tanuri, ili vipate joto. Akavifukizia moshi wa majani makavu ya ispandi kama anavyofukiziwa mtoto mchanga, ili jicho baya lipite mbali.

Na kila alfajiri, kabla hata ya kunawa uso, alichomoa kijiti kimoja kimoja aone kama kimetoa mzizi. Akiona bado, hukirudisha.

Vijiti vikatoa majani. Majani mekundu, madogo, yanang'aa! Savrigul alicheka peke yake. Akakipiga picha kila kimoja na kumtumia Nekruz kwa simu.

"Vizuri sana, mama," Nekruz alijibu. "Sasa nenda ukalale."

Furaha ile haikukaa. Majani yalilegea, yakajikunja, yakadondoka. Vijiti vyote vikafa. Na wiki ileile simu ya Nekruz ikanyamaza. Savrigul alipiga mpaka kidole kikauma. Kila mara alijibiwa na sauti ya mwanamke kwa Kirusi, kwamba namba haipatikani.

Maneno ya Zaynura yakamganda kama kupe. Akaketi kando ya ndoo, akalia.

Kilio kilivuka ukuta, kikamfikia Bibi Hojar. Huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye kitalu cha shamba la ushirika. Bustani yake ilisifika. Watu walimtania kwamba akisahau fimbo yake humo, kesho ataikuta imechanua.

"Kafa nani?" Bibi Hojar aliuliza mlangoni.

"Usiseme hivyo, bibi! Hajafa mtu."

"Mbona unamlilia ndoo?"

Savrigul akamweleza yote: mti, uvumi, simu iliyonyamaza. Bibi Hojar hakucheka. Alichomoa kijiti kimoja, akakinusa, akakunja uso.

"Hiki umekipanda au umekipika? Tazama huku chini. Peusi tititi. Kimeoza."

"Lakini vilitoa majani!"

"Kijiti kina akiba ndani yake, kama ngamia. Ukikiweka penye joto, hutumia ile akiba kutoa majani. Akiba ikiisha na chini hakuna mzizi, maji yatapandia wapi? Jani siyo mzizi, binti yangu. Wengi wanadanganywa na jani."

"Na samadi? Niliona nivilishe."

"Mtoto wa siku moja unampa pilau? Kisichokuwa na mzizi hakina kinywa. Samadi mbichi ina moto, inaunguza. Subiri kwanza kiote."

Savrigul akainamisha kichwa. "Na mizizi nilikuwa naiangalia kila siku."

"Unaiangaliaje?"

"Nachomoa."

Bibi Hojar akaweka fimbo chini taratibu. "Kila siku?"

"Kila siku."

"Savrigul! Mzizi mchanga ni mwembamba kama uzi wa buibui. Ukichomoa, umeukata. Kuku akipasua mayai kila asubuhi aone kama mna kifaranga, ataangua nini?"

Kutoka juu ya mfereji ulisikika mngurumo. Mashine ya kuchimba ilikuwa imefika. Savrigul akasimama.

"Bibi, tumechelewa?"

"Twende kwenye mti, tuuulize wenyewe."

Mkomamanga ulikuwa bado umelala usingizi wa baridi. Macho yake, pale majani yanapochipukia, yalikuwa yamevimba kidogo, lakini hayajafunguka.

"Bahati yako," alisema Bibi Hojar. "Lakini ni mara hii tu. Lete mkasi wa matawi. Unoe, kisha uusafishe kwa maji ya moto."

Wakachagua matawi ya mwaka uliopita, yenye unene wa penseli. Mazee waliyaacha, na yale membamba kama sindano pia. Kila kijiti kilikuwa na urefu wa shibiri moja.

"Chini kata moja kwa moja, hapa, karibu kabisa chini ya jicho," alisema Bibi Hojar. "Mizizi hupenda kutokea hapo. Juu kata mshazari, maji yateleze. Tena hutachanganya kichwa na miguu. Nimeona watu wamepanda kichwa chini, halafu wanamlaumu Mungu."

Vijiti vilivyokatwa walivifunga papo hapo kwa kitambaa chenye unyevu, jua lisivinyonye. Wakaosha mchanga wa mtoni, wakauchanganya na udongo kidogo. Ndoo ile ikasuguliwa, ikatobolewa matundu chini. Vijiti vikazama sehemu kubwa ndani ya mchanga, macho mawili tu yakibaki nje. Wakashindilia kwa vidole pande zote, wakamwagilia, wakaiweka ndoo mahali penye mwanga lakini pasipo na jua kali.

"Sasa tia kidole kwenye mchanga," alisema Bibi Hojar. "Ukiwa na unyevu, acha. Ukiwa umekauka, mwagilia kidogo. Ukifanya dimbwi, unaozesha."

"Na nitajuaje kama vimeshika?"

"Tazama matundu ya chini. Mzizi ukiwa tayari utachungulia wenyewe. Na huo mkono wako ukiwasha, sokota sufu."

Navruz ikapita. Asubuhi moja mashine ilifika nyuma ya nyumba. Mkomamanga ulilia mara moja tu, kraa, ukalala ubavu. Savrigul hakutoka nje. Alisokota sufu mpaka uzi ukakatika.

Vijiti vikatoa majani tena. Safari hii hakucheka. Siku moja adhuhuri aliona jani moja limeinama, mkono ukamponyoka, ukakamata kijiti. Akakihisi kati ya vidole. Angekivuta kidogo tu, aone, moyo utulie.

"Mama Nekruz!" Mirzo aliita kutoka barazani. "Unasokota sufu au unasokota mti?"

Akakiachia. Akatia kidole kwenye mchanga. Ulikuwa mkavu. Akamwagilia, na jioni jani likainuka.

Siku chache baadaye simu ikalia. Ilikuwa namba ngeni.

"Mama, ni mimi. Walituhamishia kazi porini, huko hakuna mtandao. Leo ndiyo tumekuja mjini."

Savrigul alikaa chini palepale uani. "Mzima? Unakula?"

"Nakula viazi mpaka naota navimenya. Mti wangu vipi?"

Alitaka kumficha. Akashindwa. "Umeng'olewa, mwanangu. Na vile vijiti vya picha vilikufa vyote."

"Basi! Mimi nilidhani umeniletea habari mbaya." Nekruz akacheka. "Mama, mti umekufa, mimi niko hapa natafuta soksi. Punguza kusikiliza ya kwenye tanuri."

Majira ya joto yalipokolea, Savrigul alitazama chini ya ndoo kama kawaida. Kwenye tundu moja palichungulia uzi mweupe. Kisha mwingine. Akamwita Bibi Hojar kwa sauti iliyowaamsha mbwa wa mtaa mzima.

Bibi Hojar akatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kila kimoja kipe chungu chake. Wewe kitakutosha kimoja. Vingine gawa. Na cha kwanza ukipeleke kijiji cha juu."

"Kwa nani?"

"Kwa mama wa yule kijana. Mimi nilikuwepo kwenye msiba. Kijana alianguka kazini, na mti wake siku ile ulikuwa na majani tele. Ulikauka baadaye, maana mama yake hakuwa tena na mikono ya kuumwagilia."

Savrigul akainamia ndoo. Alichagua kile chenye mizizi mingi kuliko vyote.

Ukitaka kuotesha mti kwa kijiti, jihadhari na haya:

Usikate kwa kisu butu au kichafu.
Usichukue tawi zee, wala jembamba mno.
Mkomamanga usiukate macho yakiwa yameshafunguka.
Usiache vijiti juani.
Usipande kichwa chini.
Usitie samadi mbichi. Usiweke karibu na moto.
Usifanye dimbwi, na chombo kisikose matundu.
Usidanganyike na majani.
Usichomoe kuangalia. Hata mara moja. Hata moyo ukikuwasha.
Na usimbebeshe mti roho ya mwanao. Mti unataka maji tu.