Jiko la Pili Nyumbani kwa Baba Yangu

Mimi ni mama wa miaka hamsini na tatu, nina watoto watatu, na ninauza vitambaa hapa Babati mjini. Watu wananiita Mama Nasra. Mikasa yenu nimeisoma sana, wasomaji wenzangu, na mingine imeniliza mpaka wateja wakaniuliza kuna msiba gani... Leo ni zamu yangu. Sitafuti kuonewa huruma. Nataka mwanamke mmoja tu, popote alipo, anayekaribia kujenga, anisome kabla hajamkaribisha msanifu nyumbani kwake.

Baba yangu alikuwa mwenye duka. Nyumba yake ilikuwa ya zamani, mawe chini, udongo juu, na kuta nene kiasi kwamba sisi watoto tulikaa dirishani kama kwenye benchi. Mbele kulikuwa na baraza yenye nguzo za mbao na milango ya duka ya kukunja. Alipofariki, kaka yangu Hamisi alichukua shamba la Mutuka na mimi nikapewa nyumba. Tuligawana mbele ya wazee na hakuna aliyenung'unika. Nilizaliwa mle, nikaolewa nikitokea mle, na mama yangu alifia mikononi mwangu katika chumba cha mwisho. Nilikuwa na kitu gani kingine duniani cha kuita changu?

Ndipo mkoa wetu mpya wa Manyara ukazaliwa na Babati ikawa makao makuu. Jamani, mji ulichangamka! Wafanyakazi walihamia kutoka kila upande, nyumba za kupanga zikawa adimu, na majirani wakaanza kubomoa nyumba za zamani na kupandisha za tofali. Mume wangu, Baba Nasra, alikuwa akinunua mbaazi na mahindi kwa wakulima. Homa ya ujenzi ikampata na yeye. Akataka tubomoe.

Nilikataa kabisa. Nilimwambia siku nyumba hii ikibomolewa, na mimi nibebwe pamoja na kifusi. Baada ya kama wiki hivi akaja na maneno matamu. Alisema hatutabomoa. Tutamleta msanifu majengo kutoka Arusha, mtu aliyesomea, aikarabati nyumba ya baba bila kuiharibu, kisha atuongezee upande wa nyuma wa kumpangisha mfanyakazi wa mkoa. Nililia kwa furaha. Nilijiona nimeolewa na mwanaume anayenielewa... kumbe!

Msanifu mwenyewe aliitwa Elibariki. Kijana mpole, mwenye miwani, anayesalimia mpaka watoto wadogo. Mtaa mzima ulimwita injinia. Kila siku alieleza kwamba yeye si injinia, ni msanifu, na kila siku watu waliitikia ndiyo injinia. Niseme ukweli, nilimpenda kama mdogo wangu wa kuzaliwa. Alikuwa mtu wa kwanza kuisifia nyumba yetu baada ya miaka mingi ya watu kuicheka. Aligonga kuta kwa vidole, akapanda darini, akakwangua rangi karibu na mlango wa duka, tabaka baada ya tabaka, mpaka ikatokea ile ya kijani aliyopaka baba nilipokuwa mdogo. Niliigusa kwa mkono. Nilidhani nimeisahau.

Na alikuwa na utaratibu wake wa kazi. Alisema hawezi kuchora nyumba kabla hajajua watu wanavyoishi. Basi akaniuliza maswali ambayo mume wangu hakuwahi kuniuliza tangu anioe. Ninaamka saa ngapi? Ninaswalia wapi? Ninapenda kupika nikitazama nje au nikitazama mlango? Kisha akatoa futi, akaniomba nisimame wima, akanipima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Alisema kaunta ya jikoni lazima imfuate mpishi, ikiwa chini mgongo unauma, ikiwa juu mabega yanachoka. Mimi ni mfupi, wasomaji wenzangu, kule shuleni nilikaa mstari wa mbele miaka yote. Nilicheka sana siku hiyo. Mimi wa kupimiwa jiko kama ninayeshonewa gauni!

Gauni zenyewe nilishonewa na Zuhura. Huyu alikuwa rafiki yangu tangu utoto, fundi cherehani, mjane, anakaa Maisaka. Nilimwuzia vitambaa kwa bei ya ndugu na yeye akanishonea bure. Alikuwa mrefu kuliko wanawake wote ninaowajua. Mumewe alipofariki nilikaa naye eda nzima, nikimpelekea uji kwa mkono wangu. Watoto wangu walimwita Mama Zuhura na kula kwake wanapotaka. Kulikuwa na siri gani yangu asiyoijua?

Ramani ilipokamilika, Elibariki aliifungua mezani. Nyumba ya baba ilibaki mbele, na baraza yake. Nyuma kulikuwa na upande mpya wa mpangaji, wenye vyumba vyake, jiko lake na mlango wake wa kutokea nje. Lakini katikati, pale ukuta wa zamani unapokutana na mpya, kulikuwa na chumba cha mume wangu, chenye milango miwili. Mmoja unafungukia kwangu, mmoja unafungukia kwa mpangaji.

Niliuliza. Nilimwuliza Elibariki, siyo mume wangu, mpangaji gani anapewa mlango wa kuingilia chumbani kwa mwenye nyumba? Elibariki alifungua mdomo... na mume wangu akajibu kabla yake. Alisema mlango utakuwa na kufuli, na siku watoto wakikua tutauchukua ule upande bila kuvunja ukuta. Jibu lilikuwa zuri. Elibariki alivua miwani akaifuta. Nilidhani ina vumbi.

Kazi ikaanza. Tulihamia vyumba vya kupanga jirani, na kila asubuhi nilipita kuangalia. Mafundi walitoboa ukuta wa nyuma wa baba kuweka ile milango, na niliumia kuona udongo ule ukidondoka, ila Elibariki alinituliza. Alinieleza kwamba ukuta wa udongo hauna tatizo maadamu umefunikwa vizuri juu. Maji yakiuingia kwa juu, ndipo unakwisha. Nilimwamini kwa kila alichosema. Na katika hili hakunidanganya.

Siku za mwisho za kazi, nilimchukua Zuhura tukatazame. Nilimwonyesha chumba changu, mahali pa kuswalia, jiko langu lenye dirisha la kutazama barabara. Kaunta ilinifika kwenye kiwiko kamili, nikajisikia malkia. Halafu tukapita upande wa mpangaji. Nikaingia jikoni, nikaikuta kaunta imenifika karibu na kifua.

Nilianza kucheka. Nikamwita Zuhura, nikamwambia, "Njoo uone, mafundi wamelewa huku. Nani atapikia hapa?"

Zuhura aliingia. Alisimama mbele ya ile kaunta na, bila kufikiri, akaweka mikono yake juu, kama mtu anayetaka kukata mchicha. Viwiko vyake vikatua pale pale. Havikuinuka wala havikushuka.

Nikamtania, "Utadhani walikupima wewe."

Hakucheka. Zuhura huyu, ambaye hucheka hata msibani, hakucheka... Aliondoa mikono na kuificha ndani ya mtandio. Hata hapo sikuelewa! Mwenzenu nilikuwa bado natabasamu, nikimsubiri acheke.

Elibariki akatokea mlangoni, hakuniona kwa kuwa nilikuwa nyuma ya mlango. Akamwuliza kwa upole wake ule ule, "Imekaa sawa, mama? Siku ile kule Maisaka ulisema unaipenda ya juu kidogo."

Sijui nilikaaje chini. Nakumbuka saruji ilikuwa bado mbichi na gauni langu likachafuka. Nakumbuka Zuhura akisema, "Mama Nasra, nilitaka kukwambia," na mimi nikimwangalia mdomo wake unavyotembea. Vitu vikaanza kujipanga vyenyewe kichwani. Ile safari yake ya Kondoa, aliyosema anaenda kwenye msiba wa shangazi, na mume wangu wiki hiyo hiyo akiwa kafuata mbaazi huko huko. Mimi ndiye niliyemfungia Zuhura maandazi ya njiani. Nilimpa na kanga yangu mpya, nikamwambia asiende msibani kinyonge. Kumbe nilikuwa nampeleka kwenye nikaha ya mume wangu!

Mume wangu hakukana. Alisema dini inamruhusu. Nikamjibu kwamba najua inachomruhusu, ila ni wapi iliporuhusu amlete kwa siri ndani ya nyumba ya baba yangu? Alisema angeniambia ningekataa. Alipanga tuhamie kwanza, kisha Zuhura aje kama mpangaji, nikishamzoea ndipo nielezwe. Halafu akatamka neno ambalo mpaka leo likinijia naacha ninachofanya. Alisema, "Mbona unamwona kila siku? Kitabadilika nini?"

Nilimfuata Elibariki akifunga vifaa vyake. Huyu ndiye aliyeniuma kuliko nilivyotarajia, kwa sababu mume nilishawahi kumtilia mashaka, na huyu sikuwahi. Alinipa pole. Alisema Mzee, yaani mume wangu, alimwambia nimekubali mke wa pili ila bado nina uchungu, kwa hiyo asiligusie mbele yangu. Nilimwuliza, na ile siku nilipouliza kuhusu milango, hukuona kwamba sijui? Alisema aliona.

"Sasa mbona ulinyamaza, baba?"

"Mama, mteja ni yule aliyenipa kazi."

Hebu fikirini. Nyumba ni yangu, ukuta ni wa baba yangu, kiwiko kilichopimwa ni changu... na mteja si mimi! Maswali yote yale ya ninaamka saa ngapi na ninaswalia wapi, alikuwa akimwekea mtu mwingine mipango ya kuishi na mimi.

Nilimwita kaka Hamisi kutoka Mutuka. Kikao kilikaa, wazee wa upande wa mume wangu na wa kwetu. Walisema ndoa ya pili imeshafungwa na haifunguliki kwa kelele zangu, lakini nyumba ni ya Mama Nasra, na asiyetakiwa humo na mwenye nyumba haingii. Nilisema sitaki mke mwenza katika nyumba ya baba. Mume wangu aliondoka kwenye kikao bila kuaga. Akapanga nyumba Bonga, akahamia huko na Zuhura wake.

Nilidhani nimeshinda. Nilirudi kwenye nyumba ya baba na watoto, nikakaa barazani jioni, nikajiambia angalau hii ipo.

Kisha nikaenda Mutuka kupumzika kwa Hamisi, moyo ulikuwa umechoka. Huko nyuma mume wangu akaja na watu na lori. Alisema nyumba ni yangu, ila bati za upande mpya ni zake, yeye ndiye aliyezinunua. Akazing'oa zote. Majirani walimsihi, mzee mmoja wa kwenye kikao akamshika mkono, hakusikia. Bati zikaenda Bonga kuezekea nyumba aliyokuwa akimjengea Zuhura huko.

Nilirudi na kukuta upande mpya uko wazi kama zizi, na ule ukuta wa nyuma wa baba, walioutoboa milango, umebaki kichwa wazi, kwa kuwa bati zile ndizo zilizoufunika juu. Nilikimbia kutafuta turubai. Mvua za masika zikaniwahi. Zilinyesha na kunyesha... Niliweka mabeseni, niliweka magunia, nililala nimekaa. Ukuta ulianza kuvimba taratibu karibu na ule mlango wa chumba cha kati. Nikiugusa, vidole vinazama.

Uliporomoka asubuhi, watoto wakiwa shuleni, namshukuru Mungu kwa hilo. Ulianza ukuta wa nyuma, ukavuta paa, paa likavuta chumba alichofia mama. Nilisimama barabarani na mkoba mkononi, nikitazama. Sikulia. Watu walikuja kunipa pole kama kwenye msiba, wakakaa nami kwenye mikeka. Zuhura naye alikuja. Alisimama ng'ambo ya barabara, mrefu vile, kila mtu akimwona, na hakuvuka. Angevuka, sijui ningemfanya nini. Labda ningemkumbatia. Nilikuwa nimezoea kulia begani kwake, na sikuwa na bega lingine.

Sasa ninaishi katika vyumba viwili vya mbele vilivyobaki na kuuzia vitambaa vyangu barazani. Nyuma fundi wa hapa hapa aliziba kwa tofali. Talaka nilidai na nimepewa. Watoto huenda Bonga sikukuu, hurudi wameshiba na wananificha walivyofurahi, na hilo nalo linauma kwa namna yake. Elibariki alituma salamu kwamba yuko tayari kunichorea upya bila malipo. Nilimjibu ahsante, sihitaji.

Wasomaji wenzangu, hasa ninyi kina mama, nawaomba sana. Mtu akija kuchora nyumba yenu, msifurahie kuulizwa mnapenda nini mkasahau kuuliza na ninyi. Ulizeni anamfanyia kazi nani. Ulizeni kila mlango ni wa nani na kila jiko atapika nani, na jibu litoke kinywani mwa aliyechora, siyo kwa anayemwahi. Akisita, simamisheni kazi hapo hapo, hata kama mafundi wameshachanganya zege.

Na kaeni mezani mpaka mwisho. Ile siku ramani ilipofunguliwa kwetu, baada ya swali langu moja, wanaume wawili walibaki wameiinamia wakinong'ona kwa saa nzima. Mimi mwenye nyumba sikuwepo. Nilikuwa nimekwenda kuwachemshia chai.